Kila Dawa Ilimsaidia Shangazi

"Marahaba, mwanangu. Kabla hujakaa, njoo kwanza uone."

Shangazi alinivuta hadi dirishani, jikoni kwake Kibosho, akafungua kopo la Blue Band lililooshwa vizuri. Ndani mlikuwa na vidude vya kijani, vya mviringo, vimelowa, vingine vikubwa kuliko harage. Mama mdogo na majirani wawili walikuwa wameshaviona, lakini walisogea waviangalie tena.

"Ndiyo mawe ya nyongo yenyewe, yale ya kwenye altrasaundi," alisema. "Nimeyatoa usiku wa kuamkia leo. Bila kisu."

Maelekezo yalitoka kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Unashinda na juisi ya tufaha bila chakula. Jioni unakunywa chumvi ya Epsom iliyoyeyushwa kwenye maji. Usiku unakunywa mafuta ya zeituni yaliyokorogwa na maji ya limau, tena mengi, kisha unalala kwa ubavu wa kulia. Asubuhi unakwenda chooni na unaangalia.

Aliangalia, akaona. Jumapili iliyofuata akatoa sadaka ya shukrani.

Nilirudi Moshi mjini jioni ile nikiwa na neno moja kichwani ambalo halikuniacha kwa wiki nyingi. Alilisema akinisindikiza getini, huku ameshika tumbo kwa furaha: "Na limetulia kabisa." Nilimwamini. Shangazi si mtu wa kutia chumvi. Kilichonisumbua ni kwamba sentensi ile nilikuwa nimeshaisikia kutoka kwake, mara kadhaa, na kila mara ilihusu dawa nyingine.

## Dawa zote zilizofanya kazi

Ya kwanza ilikuwa omeprazoli. Aliandikiwa kwenye zahanati fulani miaka mingi nyuma, baada ya kueleza maumivu ya chembe ya moyo yaliyomwamsha usiku. Vidonda vya tumbo, akaambiwa. Akameza, maumivu yakaisha.

Yaliporudi alipewa dawa za kuua bakteria wa vidonda. Yakaisha. Ikaja juisi ya kabichi, nayo ikamsaidia. Akaacha maharage, akapata nafuu. Mwaka mmoja alitumia mshubiri, akakaa kutoka Pasaka hadi Krismasi bila kuguswa, na watu wa pale kijijini wakaanza kumwomba vipande vya mmea ule wakapande kwao.

Huyu ni mwanamke anayeshika daftari la kikoba, na hesabu zake hazijawahi kupishana hata shilingi. Hakuwa anadanganywa kirahisi. Alitumia ushahidi ambao sote tunautumia: niliumwa, nikatumia, nikapona.

Basi nikawa najiuliza usiku.

Ni ugonjwa gani huu unaotibiwa na kila kitu?

## Maumivu yanayojiondokea

Jibu lilianza kuja nilipoacha kusoma kuhusu dawa nikasoma kuhusu maumivu yenyewe.

Ini hutengeneza nyongo takriban nusu lita hadi lita moja kwa siku. Sehemu ya nyongo hiyo huwekwa akiba kwenye mfuko wake chini ya ini, mfuko mdogo wenye ujazo wa mililita 30 hadi 50 tu. Humo hunyonywa maji, ikabaki nzito. Mtu akila chakula chenye mafuta, utumbo mwembamba hutoa homoni iitwayo kolesistokinini, ambayo watafiti Ivy na Oldberg waliieleza mwaka 1928. Homoni hiyo huuamuru mfuko ujikaze na kumwaga nyongo kwenye chakula.

Sasa weka jiwe kwenye shingo ya mfuko huo. Mfuko unajikaza, nyongo haipati njia, shinikizo linapanda. Maumivu huja ndani ya dakika chache, hufika juu na kukaa hapo hapo, hayapungui hata ukigeuka, ukijikunja au ukienda chooni. Hukamata chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, mara nyingine hupenya hadi mgongoni au bega la kulia. Huchukua nusu saa, au saa kadhaa. Mara nyingi ni usiku.

Kisha mfuko unalegea. Jiwe linarudi nyuma, njia inafunguka, na maumivu yanaondoka yote, bila kubakiza hata kiungulia.

Nilisoma hapo mara mbili.

Hakuna aliyefanya chochote. Jiwe limesogea tu.

Mtu hatafuti dawa siku aliyo mzima. Anaitafuta maumivu yakiwa yamefika kileleni, yaani wakati ambao, kwa tabia ya ugonjwa huu, kinachofuata ni kushuka. Chochote atakachokimeza saa hiyo kitakuta nafuu iko njiani na kitapewa sifa yake. Halafu shambulio lijalo linaweza kuja baada ya wiki au baada ya mwaka, bila kalenda. Mshubiri ulibahatika kukutana na ukimya mrefu. Omeprazoli ilipunguza asidi ya tumbo, kazi ambayo ndiyo yake kweli, lakini jiwe halijali asidi ya tumbo.

Siwalaumu waliomwandikia dawa za vidonda. Vidonda vipo na bakteria wake ni wengi kwetu. Mtu akisema "chembe ya moyo", hapo ndipo akili ya kila mmoja inapokwenda, ya daktari na ya jirani. Kinachotenganisha magonjwa haya mawili mara nyingi ni maelezo ya mgonjwa: yalianza saa ngapi, ulikuwa umekula nini, yalikaa muda gani, na katikati ya shambulio moja na jingine unajisikiaje. Hayo yanahitaji mtu wa kuuliza na mtu wa kungoja jibu.

## Kilichokuwa ndani ya kopo

Lakini vile vidude alivitoa kweli. Hilo sikuweza kulipita. Mtu ameona kwa macho yake, nami nimeona.

Ili nieleze nilichokigundua lazima nianze na asidi za nyongo, kwa sababu ndizo moyo wa habari yote hii, na nashangaa jinsi tunavyozungumzia mawe kila siku bila kuzitaja.

Ini huchukua kolesteroli na kuibadilisha kuwa asidi za nyongo. Molekuli ya asidi hizi ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, kwa hiyo hufanya kazi ya sabuni: hushika mafuta ya chakula na kuyavunja matone madogo ambayo mwili unaweza kuyameng'enya. Mwilini mwote tunazo gramu mbili hadi nne tu. Hazitoshi hata mlo mmoja mkubwa wa ndizi nyama kama zingetumika mara moja na kutupwa. Hivyo mwili hauzitupi. Zikishamaliza kazi, mwishoni mwa utumbo mwembamba takriban asilimia 95 hunyonywa na kurudishwa kwenye ini, zikamwagwa tena, mara kadhaa kwa siku. Kidogo kinachopotea chooni, karibu nusu gramu, ini hukifidia kwa kutengeneza nyingine.

Kuna kazi yao ya pili, nayo ndiyo inayohusu mawe. Kolesteroli haiyeyuki kwenye maji. Mwili unapotaka kuitoa nje huipitisha kwenye nyongo, na humo asidi za nyongo, zikisaidiana na mafuta yaitwayo lesithini, ndizo zinazoishikilia isigande. Mwaka 1968 Admirand na Small walichora pembetatu iliyoonyesha uwiano wa vitu hivyo vitatu: ndani ya mipaka fulani nyongo hubaki kimiminika safi, nje ya mipaka hiyo kolesteroli huanza kujitenga na kuwa fuwele. Mfuko ukiwa mvivu kujikamua, fuwele hukaa, hushikana, hukua. Ujauzito huongeza hatari hiyo, unene pia, na hata kupungua uzito kwa kasi, jambo ambalo wanaojinyima chakula ili wapungue kabla ya harusi wangefaa kulijua. Mawe meusi yana asili nyingine. Hutokana na rangi ya damu iliyovunjika, ndiyo maana watoto wenye selimundu huyapata mapema.

Basi jiwe la kolesteroli ni kitu kigumu. Haliyeyuki kwa joto la maji ya kuoga wala la chai.

Nilimwomba Shangazi kidude kimoja. Nilikiweka kwenye maji ya uvuguvugu, kwenye bakuli, mezani kwangu. Kililegea, kikasambaa, kikawa mafuta ya kijani juu ya maji.

Haikuwa mara ya kwanza jambo hilo kuonekana. Mwaka 2005 jarida la The Lancet lilichapisha taarifa fupi ya Sies na Brooker kutoka Hamilton, Nyuzilandi. Mwanamke wa miaka 40 aliwaletea mawe ya kijani aliyoyatoa baada ya kushinda na juisi na kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau. Yalipopashwa joto la nyuzi 40 kwa dakika kumi yaliyeyuka yote. Walipoyapima hayakuwa na kolesteroli, hayakuwa na rangi ya nyongo, hayakuwa na kalisi. Robo tatu yake ilikuwa asidi za mafuta. Kisha wakachanganya wenyewe asidi hizo za mafuta na maji ya limau na haidroksidi ya potasiamu kidogo, wakapata madonge yaliyokauka na kuwa magumu.

Ilikuwa sabuni, sabuni kweli, iliyotengenezwa tumboni kwa mafuta aliyoyanywa. Mawe halisi ya mwanamke yule yalikuwa bado kwenye mfuko wake na yalitolewa baadaye kwa upasuaji.

Nilikaa na ile bakuli mbele yangu kwa muda mrefu. Dawa ilikuwa imetengeneza ushahidi wake yenyewe.

## "Yameota mengine"

Ungemwambiaje mtu aliyekwisha kutoa shukrani madhabahuni?

Nilizunguka na swali hilo kwa siku kadhaa. Kulikuwa na upande wangu uliosema mwache, ametulia, ana furaha, na furaha nayo ni afya. Upande mwingine ulijua kwamba maelekezo yale yanamtaka mtu mwenye mawe anywe mafuta mengi kwa mpigo, yaani aukamue kwa nguvu mfuko uliojaa mawe. Jiwe dogo likisukumwa likaingia kwenye njia kuu ya nyongo linaweza kukwama huko. Hapo macho hugeuka manjano, mkojo huwa mweusi kama chai kavu, au kongosho huvimba, na watu hufa kwa kongosho lililovimba.

Sikumwambia kuhusu sabuni. Nilimwomba twende tukapige altrasaundi nyingine, ili apate cheti cha kuonyesha kwamba yametoka. Alipenda wazo hilo.

Mawe yalikuwepo. Matatu makubwa, na mengine madogo.

Alinyamaza njia nzima kwenye daladala. Tulipofika karibu na kwao akasema, "Basi yameota mengine."

Ndipo nikaona jinsi fikra ilivyo imara ikishapata kitu cha kushika. Mawe hukua polepole, kwa milimita moja au mbili kwa mwaka, hayaoti makubwa matatu ndani ya miezi miwili. Nilimweleza hivyo, na nilipofika nyumbani kwake nikamweleza habari ya ile bakuli. Alikwenda jikoni, akachemsha maji, akamimina kwenye kopo lake mwenyewe.

Akaangalia mpaka mwisho. Hakusema kitu, na mimi sikuongeza neno.

## Kuyayeyusha

Swali lake la kwanza baada ya hapo lilikuwa la akili sana. Kama asidi za nyongo ndizo zinazoshikilia kolesteroli isigande, kwa nini mtu asimeze asidi hizo zikayayeyushe mawe?

Watu walifikiri hivyo hivyo. Mwaka 1972 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza jinsi asidi ya kenodeoksikoli ilivyoyeyusha mawe ya baadhi ya wagonjwa bila kisu. Baadaye ikapatikana iliyo laini zaidi kwa mwili, asidi ya ursodeoksikoli, ambayo dubu wanayo kwa wingi kwenye nyongo yao na ambayo leo hutengenezwa viwandani, hasa kutokana na nyongo ya ng'ombe. Fikiria mtu anachinja mbuzi na kukata nyongo kwa uangalifu aitupe isije ikaharibu nyama, kumbe ndani yake kuna jamaa wa dawa hiyo.

Nilitamani hadithi iishie hapo. Ila dawa hii inafaa kwa mawe madogo, ya kolesteroli tupu, yasiyo na kalisi, katika mfuko ambao bado unajikamua vizuri. Humezwa kwa miezi mingi, pengine miaka miwili. Na kwa sababu mfuko umebaki ule ule na nyongo ni ile ile, karibu nusu ya waliopona hupata mawe tena ndani ya miaka mitano. Mawe ya Shangazi yalikuwa makubwa mno kwa njia hiyo. Kilichobaki ni kuutoa mfuko wenyewe kwa upasuaji.

## Tembo hawana

"Na mtu asiye na nyongo anaishije?" aliuliza Shangazi.

Hofu hii nimeisikia kwa watu wengi hapa Moshi. Wanadhani ukiondolewa mfuko umeondolewa nyongo. Nyongo hutoka kwenye ini, na ini linabaki. Kinachopotea ni ghala tu. Tembo hana mfuko wa nyongo, faru hana, pundamilia hana, nao wanakula kutwa kucha.

Carl Langenbuch alikuwa wa kwanza kuutoa mfuko huo kwa mtu aliye hai, Berlin, tarehe 15 Julai 1882, kwa mwanaume wa miaka 43 aliyekuwa ameteseka kwa miaka mingi. Kabla yake madaktari walikuwa wakifungua mfuko, wanatoa mawe, wanauacha. Yeye aliona kwamba tatizo ni mfuko unaoyazaa mawe. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Septemba 1985, Erich Mühe wa Böblingen, Ujerumani, alifanya kazi hiyo kupitia matundu madogo kwa kutumia bomba lenye lenzi la kuchungulia tumboni, na wenzake wakamkataa kabla ya dunia nzima kumfuata.

Shangazi alisikiliza haya yote vizuri. La tembo ndilo alilowasimulia wenzake wa kwaya.

## Shaka ikanigeukia mimi

Hapa nilidhani nimemaliza. Tumepata ugonjwa, tumepata tiba. Lakini kanuni niliyokuwa nimeitumia dhidi ya mshubiri haikutaka kuishia kwa mshubiri.

Ikiwa maumivu haya huondoka yenyewe, na huweza kukaa kimya kwa miezi, basi kisu nacho kinaweza kupewa sifa isiyo yake.

Tena watu wengi wenye mawe, karibu wanane kati ya kumi, hawaumwi kabisa. Mawe yao huonekana kwa bahati, mathalani mama mjamzito anapopigwa altrasaundi. Watu hao kwa kawaida hushauriwa wayaache. Na mtu anaweza kuwa na mawe yaliyonyamaza na papo hapo awe na gesi au kiungulia cha sababu nyingine. Akipigwa picha, jiwe linaonekana, na kinachoonekana ndicho kinachobebeshwa lawama. Uholanzi walifanya utafiti wa wagonjwa 1,067 wenye mawe na maumivu ya tumbo, matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Mwaka mmoja baadaye, wapewe upasuaji kwa mazoea au kwa kuchujwa kwa masharti, takriban wanne kati ya kumi bado walikuwa na maumivu ya tumbo.

Takwimu hiyo ilinitoa usingizi kuliko kopo. Nilikuwa nimemtoa mtu wa makamo kwenye imani yake ili nimpeleke mezani kwa daktari wa upasuaji. Je, yeye alikuwa katika wale sita au wale wanne?

Hapo daftari la kikoba likatusaidia, maana nyuma ya kurasa za hisa alikuwa ameanza kuandika kila shambulio: tarehe, saa, alichokula, muda uliopita hadi yalipoisha. Tulikwenda nalo hospitalini. Daktari wa upasuaji, kijana mtulivu, alisoma mstari kwa mstari. Akauliza jambo moja ambalo miaka yote hakuna aliyeliuliza.

"Mama, siku ambayo huumwi, tumbo linakuwaje?"

"Siku hiyo siumwi hata kidogo, baba. Nalima."

Daktari akaweka kalamu chini. Alisema wale wanaobaki na maumivu baada ya upasuaji mara nyingi ni wale wenye tumbo la kujaa kila siku, la kiungulia, la kuungua. Maumivu ya Shangazi yalikuwa na mwanzo, kilele na mwisho, usiku, baada ya nyama, na katikati hakuna kitu. Hakumwahidi kwamba yatakwisha. Alisema, kwa maelezo haya, anatarajia.

Hapo nikakubali. Altrasaundi ilituonyesha kwamba mawe yapo, lakini ni zile kurasa zilizoonyesha kwamba ndiyo yanayomuuma.

## Tangu Juni

Alifanyiwa upasuaji mwezi wa Juni, kwa matundu madogo, akarudi Kibosho siku chache baadaye. Habari za bima na vibali nitaziacha, kila msomaji anazo zake.

Jambo jipya ni tumbo la kuharisha kidogo baada ya mlo wenye mafuta. Bila ghala, nyongo hutiririka muda wote, na asidi zake zikizidi zile zinazonyonywa mwishoni mwa utumbo mwembamba huingia utumbo mpana na kuuchokoza utoe maji. Kwa wengi hupungua lenyewe. Lisipopungua kuna kolestiramini, unga wa kukoroga kwenye maji, ambao huzishika asidi hizo zikatoka nao. Kwake linapungua.

Maumivu ya usiku hayajarudi. Majirani wanasema amepona, naye anasema hivyo. Mimi bado sijasema, kwa sababu mshubiri ulimpa kutoka Pasaka hadi Krismasi, na sasa ni Septemba tu. Hata Krismasi, ukoo wote ukiwa umepanda kutoka Dar es Salaam na ndafu imekatwa, muda ule utakuwa bado haujafikiwa. Nimemwomba aendelee kuandika nyuma ya daftari hadi Pasaka ipite, na hata siku ambazo hakuna kitu aandike kwamba hakuna kitu.

Amekubali. Ila ndafu amesema haiachi, na daktari hajamkataza.